Kuujua Mfumo wa Maji wa Trela la Kulala Lililokwisha Kutumika

Mtu aliyekulia Dar es Salaam au Mombasa anayajua maji ya nyumbani kwa jinsi yanavyoshuka: tangi la plastiki limepandishwa juu ya mnara au paa, bomba linateremka ukutani, na koki ikifunguliwa maji hutoka kwa uzito wake yenyewe. Akihamia Marekani au Kanada, kisha akanunua trela la kulala lililokwisha kutumika ili familia ipate kuzunguka kwenye mbuga na maziwa wakati wa kiangazi bila kulipia hoteli, hukuta mambo yamepinduliwa. Tangi la maji safi liko chini, mara nyingi chini ya kitanda au chini kabisa ya sakafu. Maji hayashuki, bali husukumwa na pampu ndogo inayotumia umeme wa betri. Tena upo mlango wa pili wa maji, ambao haupiti kwenye tangi hata kidogo, bali huyaingiza maji ya kiwanja cha kambi moja kwa moja kwenye mabomba. Mwongozo huu ni wa yule ambaye bado hajaweza kuitofautisha milango hiyo miwili, kama nilivyokuwa mimi tulipolinunua trela letu la futi 24 hapa Minnesota.

Shauri langu kubwa ni moja, na mengine yote yanatokana nalo: usitie maji hata tone moja kabla hujaifuata njia nzima, kwa macho na kwa mikono, mfumo ukiwa mkavu. Trela lililotumika halilingani na kitabu chake. Mwenyewe wa kwanza amekata bomba hapa na kuongeza koki pale, na wa pili amekarabati kwa alichokuwa nacho. Lililo baya zaidi ni kwamba huijui hali ambayo koki zake ziliachwa majira ya baridi yalipoingia, na katika mfumo huu koki moja iliyosahaulika huweza kukugharimu kifaa kizima.

Kuufuata mfumo ukiwa mkavu

Tafuta tochi, karatasi, kalamu, na bisibisi yenye ncha ya mraba, kwa kuwa skrubu nyingi za matrela ya huku zina tundu la mraba na bisibisi ya kawaida huziharibu. Anza nje. Ubavuni mwa trela utaona mlango mpana wenye kifuniko, ambao mpira wa maji huchomekwa tu bila kufungwa. Huo ndio wa kujazia tangi. Karibu nao au upande wa pili utaona mlango mwembamba wenye nyuzi za kufungia mpira, na ndani yake kichujio kidogo cha waya. Huo ndio wa maji ya kambini yenye presha yake. Katika baadhi ya matrela mapya milango yote miwili imeunganishwa kwenye kibao kimoja chenye mkono wa kuchagua njia, na hapo ni lazima usome maandishi kwa makini, maana kuukosea mkono huo ni kulijaza tangi mpaka likufurikie chini.

Ukiwa bado nje, inama uangalie uvunguni. Mabomba mawili mafupi yanayochungulia chini kwa pamoja, moja la maji baridi na moja la maji moto, ndiyo matoleo ya mahali pa chini kabisa pa mfumo, na kazi yake ni kuyamwaga maji yote yaliyosalia mabombani. Bomba la tatu, likiwa peke yake, kwa kawaida ni la kumwagia tangi la maji safi. Yote matatu huwa na vifuniko au vikoki vidogo, na huenda muuzaji aliyelilaza trela kwa majira ya baridi ameyaacha wazi.

Ingia ndani sasa. Inua godoro, ondoa droo za chini, fungua kila kibao kilichofungwa kwa skrubu, mpaka ulione tangi lenyewe na bomba linalotoka humo. Lifuate. Utakutana kwanza na kichujio cha kikombe kinachopitisha mwanga, kisha pampu, yenye ukubwa wa karibu chupa ya maji ya lita moja. Kati ya tangi na pampu mara nyingi pana koki yenye kipande cha mpira mwembamba kinachoning'inia bila kwenda popote. Huo ni mpira wa kunyonyea dawa ya kuzuia kuganda, nasi tutaurudia. Ndani ya pampu mna vali ya njia moja, inayoyaruhusu maji kwenda mbele na kuyazuia yasirudi tangini. Vali kama hiyo imo pia kwenye mlango wa maji ya kambini, ili pampu inapofanya kazi isiyatapike maji nje.

Baada ya pampu njia hugawanyika. Tawi moja huenda kwenye koki za maji baridi na choo, jingine huingia nyuma ya hita na kutoka likiwa la maji moto. Katika matrela mengi ya miaka ya karibuni mabomba ni ya plastiki ngumu inayopindika kidogo, ya buluu kwa maji baridi na nyekundu kwa maji moto, ingawa utakuta pia yaliyo meupe yote. Ukikuta mabomba ya kijivu hafifu katika trela la kabla ya katikati ya miaka ya 1990, tambua kwamba huenda ni ya polibyutilini, plastiki ambayo ilijipatia sifa mbaya Marekani kwa kupasuka na kuvuja kwenye viungo vyake. Hilo ni jambo la kulitaja wakati wa kupatana bei.

Chora yote hayo kwenye karatasi moja, kila koki ukiipa namba na kuandika iko wima au imelala. Kumbuka kanuni ya mafundi bomba: mkono wa koki ukilala sambamba na bomba, njia iko wazi, ukikatisha bomba, njia imefungwa. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa mbaya kiasi cha kuchekwa na watoto, lakini mpaka leo umebandikwa ndani ya mlango wa kabati la sinki na hakuna kitabu kilichonisaidia kuushinda.

Wakati uko chini humo, piga magoti ukandamize sakafu kwa kiganja kuzunguka choo, mbele ya bafu na chini ya sinki la jikoni. Plaiwudi nzima hukataa. Iliyooza hubonyea kama andazi. Doa la kahawia kwenye kona ya kabati, au ukungu unaonuka kama shuka lililokunjwa bichi, hueleza historia ya trela kuliko muuzaji. Ikiwa hujalipa bado, kagua haya kabla ya kutoa pesa.

Maji ya kwanza yapitie kwenye pampu

Wanunuzi wengi hufunga mpira wa kambini na kufungulia, kisha husubiri kuona panapovuja. Mimi nashauri kinyume chake. Maji ya kambini hayana mwisho, na kiungo kikiachia nyuma ya ukuta yataendelea kumwagika mpaka mtu agundue. Ukitia lita 30 tu kwenye tangi na kutumia pampu, hasara kubwa kabisa inayoweza kukupata ni hizo lita 30, na swichi ya kuisimamisha iko karibu na mkono wako. Pampu nyingi za matrela husukuma takriban lita 11 kwa dakika, na hujizima zenyewe presha inapofika kati ya pauni 45 na 55 kwa inchi ya mraba, kipimo ambacho kwenye vifaa huandikwa psi.

Funga matoleo yote ya chini. Hakikisha koki ya ule mpira wa kunyonyea dawa imeelekezwa kwenye tangi, kwa sababu ikisahaulika pampu itanyonya hewa tupu, nawe utadhani imekufa. Hakikisha betri ina chaji, fungua koki ya maji baridi jikoni, kisha washa pampu. Maji yatakuja kwa kukohoa na kutema hewa, na mara nyingi ya kwanza yatakuwa na rangi ya waridi. Hiyo ni dawa iliyolazwa mabombani wakati wa baridi. Yakishatulia, funga na uende kwenye koki inayofuata, mpaka umalize choo, bafu, na bafu ya nje kama ipo. Hita iache kwanza.

Koki zote zikiwa zimefungwa, pampu itanguruma sekunde chache kisha inyamaze. Hapo ndipo kazi ya kweli inapoanza: kaa kimya kwa dakika 30, pampu ikiwa bado imewashwa, na usikilize. Isipotoa sauti hata mara moja, mfumo unashika presha. Ikinguruma kwa sekunde moja kila baada ya dakika kadhaa, yapo maji yanayotoroka mahali fulani, ama nje au kinyumenyume. Zungushia kila kiungo unachokifikia kipande cha tishu kavu, urudi baada ya robo saa kuangalia ipi imelowa. Angalia pia bakuli la choo, maana vali ya choo inayovuja hudondosha maji humo bila kulowesha sakafu. Kila kitu kikiwa kikavu na pampu bado inanguruma, mtuhumiwa ni vali ya njia moja ya pampu yenyewe, inayoyaruhusu maji kurudi tangini. Uchafu mdogo unatosha kuizuia isifunge, na kwa pampu nyingi sehemu hiyo huuzwa peke yake bila kulazimika kununua pampu mpya.

Yapo maeneo ambayo huvuja kuliko mengine. La kwanza ni nyuma ya choo, ambako vali ya plastiki hupasuka kwa baridi mwenyewe asipoikausha vizuri. La pili ni kikombe cha kichujio cha pampu: ufa mwembamba humo hautoi maji nje bali huingiza hewa ndani, na dalili yake ni pampu isiyonyamaza pamoja na maji yanayotoka kwa kurukaruka. La tatu ni zile nati za plastiki chini ya sinki, ambazo mtikisiko wa barabara huzilegeza. Hizo zikaze kwa mkono tu, au kwa mkono na robo mzunguko wa spana, kwani pete ya mpira iliyomo ndani ndiyo inayoziba. Utepe mweupe wa mafundi hausaidii kitu pale, na anayezikaza kwa hasira huzipasua.

Kuhusu kujaza tangi lote kabla ya kusafiri, kumbuka kwamba kila lita ni kilo. Tangi la galoni 40 ni takriban lita 150, yaani kilo 150 za ziada, sawa na watu wawili wazima waliokaa mahali pamoja. Kulingana na tangi lilipo, uzito huo huweza kuongeza mzigo kwenye ndoano ya gari au kuupunguza, na trela ambalo ndoano yake ni nyepesi mno huyumba barabarani. Mimi husafiri na robo tangi, kwa ajili ya choo na kunawa njiani.

Maji ya kambini

Mfumo ukishakubali pampu, ndipo ufunge mpira. Tumia mpira mweupe au wa buluu ulioandikwa kuwa unafaa kwa maji ya kunywa. Ule wa kijani wa bustani si wa kunywea, na ukilala juani hata chai huutambua. Mwanzoni kabisa, kwenye bomba la kambi na si kwenye trela, funga kipunguza presha, ili mpira nao upate kulindwa. Viko viwanja ambavyo presha yake hupita pauni 80, ilhali mabomba ya trela kuukuu hupumua vizuri kati ya 40 na 50. Vile vipunguza presha vidogo vya bei ndogo vyenye umbo la kipande cha bomba hupunguza pia wingi wa maji, na bafu huwa la kudondoka. Cha shaba nyeupe au ya njano kinachorekebishika na chenye saa ya kuonyesha presha ni ghali kidogo lakini hutajuta.

Zima pampu, fungulia maji taratibu, kisha rudia ule ukaguzi wa tishu. Baada ya saa moja tazama kiasi cha maji tangini. Kama kimepanda bila wewe kulijaza, ile vali ya njia moja ya pampu inapitisha maji kinyume, na usiku mmoja unatosha tangi kufurika chini ya trela wakati nyinyi mmelala. Mkitoka kwenda matembezini, fungeni maji kwenye bomba la kambi. Ni jambo la sekunde tano.

Hita, mahali ambapo makosa ni ghali

Hita nyingi za matrela huchukua galoni 6 au 10, yaani takriban lita 23 au 38, na huchemsha kwa gesi, kwa umeme wa volti 120, au kwa vyote viwili. Nyuma yake, upande wa ndani ya trela, pana koki moja, mbili au tatu ambazo kazi yake ni kuyapitisha maji kando ili hita ibaki tupu wakati wa baridi. Wakati wa matumizi, koki ya maji baridi yanayoingia na ya maji moto yanayotoka huwa wazi, na ile ya katikati inayoyaunganisha mabomba mawili huwa imefungwa.

Mtego uko hapa, nao ulininasa mguu mzima. Koki hizo zikiwa bado katika hali ya baridi, bomba la maji moto jikoni litatoa maji kama kawaida, kwa sababu maji baridi yamepitishwa kando na kuingia upande wa moto. Niliona maji yanatoka, nikajiambia hita imejaa, nikabonyeza swichi ya umeme. Elementi, yaani kipashio cha umeme, ya takriban wati 1,400 ikiwa ndani ya tangi tupu huungua haraka mno, kabla hujapata muda wa kujiuliza mbona maji hayapati joto. Maji kutoka kwenye bomba la moto si ushahidi kwamba hita ina maji.

Ushahidi uko wa aina mbili. Wa kwanza ni muda: hita tupu inapojazwa, bomba la moto hutema hewa kwa dakika mbili, tatu au zaidi kabla ya maji kutulia, likitoa maji mara moja, shuku koki za nyuma. Wa pili ni vali ya usalama, ile yenye kijimkono cha chuma upande wa nje, ambayo imewekwa ifunguke yenyewe presha ikifika pauni 150 au joto likifika nyuzi 99 za Selsiasi. Hita ikiwa baridi, inua kijimkono hicho kidogo: yakitoka maji, hita imejaa, ikitoka hewa tu, bado. Usikifungue kamwe maji yakiwa moto.

Kabla ya kuijaza kwa mara ya kwanza, fungua kizibo cha chini uone kilichomo. Zima umeme na gesi, subiri ipoe kabisa, funga maji, fungua bomba la moto ndani ili presha iishe, kisha simama pembeni, si mbele. Hita za kampuni ya Suburban zina tangi la chuma lililopakwa kauri kwa ndani, na kizibo chake kimeshika fimbo ya anodi ya magnesiamu au aluminiamu, ambayo hukubali kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Fimbo ikiwa imeliwa robo tatu, ibadilishe. Ukikuta waya mtupu, waliotangulia hawakuitazama kwa miaka mingi, na hali ya tangi lenyewe ni ya kutiliwa shaka. Hapa ndipo utepe mweupe unapohitajika, ukizungushwa kwenye nyuzi. Hita za Atwood, kwa upande mwingine, zina tangi la aluminiamu na kizibo cha plastiki kisicho na fimbo. Usiwaze kwamba fimbo imepotea, wala usinunue ya kuichomeka humo. Zimetengenezwa hivyo makusudi.

Kizibo kikiwa wazi, ingiza kijibomba chembamba cha kusuuzia na uyaache maji yatoke mpaka yaache kubeba chembe nyeupe za chokaa. Maji moto yakinuka kama yai viza na ya baridi hayanuki, ni bakteria waliomo kwenye hita, ambao hustawi pamoja na anodi ya magnesiamu. Klorini nitakayoieleza hapa chini huwaondoa, mradi hita ihusishwe.

Kuna tatizo lingine linalowapeleka watu kwa fundi bure: hita inachemka vizuri lakini bomba hutoa maji vuguvugu. Kabla ya kulipa, nenda kwenye bafu ya nje. Wengi huizima kwa kubonyeza kitufe cha kwenye kichwa chake huku koki zake mbili zikiachwa wazi, na hapo maji baridi huvukia upande wa moto na kulipoza trela zima. Zifunge zote mbili. Kama hali haikubadilika, angalia koki za nyuma ya hita. Huenda ile ya katikati haijafunga sawasawa.

Kuusafisha mfumo kwa klorini

Hujui maji ya nani yamelala tangini, kwa hiyo safisha kabla ya kunywa na urudie kila mwanzo wa msimu. Tumia dawa ya klorini ya kufanya nguo kuwa nyeupe, ile ambayo kwetu wengi huiita Jik hata ikiwa na jina jingine, isiyo na manukato wala si ya ute mzito. Kipimo kinachojulikana sana ni mililita 60 kwa kila galoni 15 za tangi, yaani kwa kila lita 57. Tangi la lita 150 litahitaji takriban mililita 160. Toa kwanza vichujio vya maji ya kunywa, kama vimo. Changanya dawa kwenye ndoo ya maji, mimina tangini, kisha jaza tangi mpaka pomoni ili dawa ifike hata kwenye bomba la juu. Washa pampu, fungua koki moja baada ya nyingine, baridi na moto, mpaka kila moja inukie klorini, usisahau choo na bafu ya nje. Acha kwa saa nne au zaidi, lakini isifike siku mbili. Mwaga yote, jaza maji safi, sukuma tena kwenye koki zote, na rudia mpaka harufu iishe. Kwa kawaida mara mbili zinatosha. Hata baada ya hayo, sisi maji ya tangi tunapikia na kuogea, ya kunywa tunabeba kwenye madumu. Hilo ni chaguo letu tu.

Maji machafu

Upande wa kutokea ni mwepesi kuueleza. Maji ya sinki na bafu huingia kwenye tangi ambalo wapiga kambi huliita la kijivu, na ya choo kwenye lile wanaloliita jeusi. Kila moja lina vali ya kuvuta, na bomba la choo ni nene zaidi, inchi 3. Vali ya choo ikae imefungwa hata kama mpira wa taka umeunganishwa, kwani ikiachwa wazi maji hutangulia kutoka na vitu vizito hubaki vikijijenga kuwa kichuguu ambacho kukivunja ni adhabu. Ngoja tangi lifike angalau theluthi mbili, mwaga la choo kwanza, kisha la kijivu lipitie mpira uleule na kuusuuza. Tia maji ya kutosha chooni, hata ukiwa na tabia nzuri ya kubana matumizi. Taa zinazoonyesha ujazo wa tangi la choo usiziamini, maana karatasi moja iliyonata kwenye kipimo hutosha kuzifanya ziseme limejaa mwaka mzima; tochi kupitia choo husema kweli. Mpira wa kusuuzia huko uwe wa rangi nyingine kabisa na usikae kasha moja na mpira wa maji ya kunywa.

Kulilaza trela kabla ya baridi

Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na huku Minnesota, ambako usiku wa Januari kushuka chini ya nyuzi hasi 20 za Selsiasi si habari, kikombe kimoja cha maji kilichosahaulika kwenye kona ya bomba hulipasua. Kwa hiyo, usiku wa kwanza wa barafu ukikaribia, mwaga tangi, mwaga hita kwa kufungua kizibo, fungua matoleo ya chini na koki zote, kisha acha mpaka pasidondoke kitu.

Sasa geuza zile koki za nyuma ya hita ili iachwe kando, kwa sababu bila hivyo utamimina dawa ya bei ndani ya tangi la lita 23 bila faida yoyote. Funga matoleo ya chini, elekeza koki iliyo kabla ya pampu kwenye ule mpira mwembamba, na uutumbukize katika dumu la dawa ya kuzuia kuganda ya rangi ya waridi, inayotengenezwa kwa propilini glaikoli na kuuzwa kwa ajili ya matrela. Ile ya injini ya gari usiiguse. Nyingi ni za ethilini glaikoli, na hiyo ni sumu. Washa pampu, anza na koki iliyo karibu nayo, ifungue baridi mpaka rangi itoke, kisha moto mpaka rangi itoke, halafu songa mbele. Choo, bafu, bafu ya nje na mashine ya kufulia kama ipo, vyote vipate rangi. Ule mlango wa maji ya kambini wengi huusahau: toa kichujio chake cha waya, zima pampu, punguza presha kwa kufungua koki moja, kisha ibonyeze vali yake kwa kitu butu mpaka itoke rangi. Mimina kikombe kimoja kwenye kila tundu la sinki na la bafu, ili maji yanayokaa kwenye kiwiko cha chini kuzuia harufu yasigande, na kingine chooni. Trela la kadiri ya letu hula galoni mbili hadi tatu. Dawa hiyo ikigeuka kuwa kama uji wa barafu katikati ya Januari usishtuke, kwani kazi yake ni kuzuia kupasua na si kubaki majimaji.

Wapo wanaopendelea kuyapuliza maji kwa kompresa ya hewa. Inafaa, presha isipozidi pauni 40, lakini viwiko vya chini ya sinki na vali ya choo vitahitaji dawa vilevile, na mimi kwenye mabomba nisiyoyaona naiamini rangi kuliko upepo.

Mwisho wa yote, kata kipande cha tepu, andika HITA TUPU kwa herufi kubwa, na ukibandike juu ya swichi ya umeme ya hita. Kisitoke hapo mpaka Mei, siku utakapoinua kijimkono cha vali ya usalama na kuyaona maji yakitoka.